Nusu kwa Kulwa, Nusu kwa Doto

Zablon wa Ntalikwa hakai. Ukienda kwake ukaambiwa yupo, harakisha, maana ukichelewa uani kusalimiana na watu utamkosa, keshatokea mbele na baiskeli. Majirani wamemzoea. Wanampa uji akiwa amesimama, wanamsimulia habari za misiba akiwa amesimama, na mchungaji wake wa Moravian aliacha zamani kumtazama wakati wa mahubiri, kwa kuwa kila akimtazama anakuta mguu mmoja uko ndani ya kanisa na wa pili uko nje.

Mwenyewe husema ni miguu ya kurithi. Njia ya zamani ya misafara ilipita nyuma ya mashamba yao, na babu wa baba yake alibeba pembe begani kutoka Unyanyembe mpaka pwani, akarudi, akaenda tena, safari tatu nzima, na ya nne hakurudi. Basi akiulizwa kwa nini hatulii, Zablon hunyoosha kidevu kuelekea kule nyuma ya shamba la karanga na kusema, "Waulizeni wale." Lilikuwa jibu zuri, na kwa miaka mingi lilimtosha yeye na waliomuuliza.

Kazi aliyochagua ilimfaa. Ni mrina asali. Ana mizinga ya magome aliyoitundika mwenyewe kwenye misitu ya huko Sikonge na mbele yake, na asali akishaichuja huipeleka mjini, Kanyenye, kwa wateja wake wa siku zote. Katika mwezi alikuwa akilala kwake siku kumi, akizidisha kumi na mbili. Agnetha aliolewa naye akiyajua hayo yote. Agnetha ni mpishi katika mgahawa mmoja hapo Kanyenye, mwanamke wa maneno machache na kumbukumbu ndefu, na siku ya posa aliwaambia shangazi zake kwamba mume asiyekaa nyumbani ana faida moja, hachakazi viti.

Kisha wakazaliwa mapacha, wasichana wawili waliofanana hadi mama yao akawafunga uzi mkononi ili awatambue. Majina ya ubatizo wanayo, yameandikwa kwenye kadi za kliniki na yanakaa humo humo. Kwetu pacha wa kwanza ni Kulwa na anayemfuata ni Doto, hilo halina mjadala, na halina mjadala pia kwamba ukimpa mmoja unampa wote wawili. Kitenge kikikatwa, kinakatwa mara mbili. Mgeni akimsalimu Kulwa, anamgeukia Doto naye anamsalimu. Bibi yao Apolinaria, mama mzazi wa Zablon, alilisema mapema wakiwa bado wachanga: pacha aliyenyimwa alichopewa mwenzake hukasirika, na akikasirika huondoka duniani. Zablon alicheka, akasema mambo hayo ni ya zamani. Lakini alipotoka porini na sega moja la asali alilikata katikati kwa kisu, akalipima kwa macho, akalikata tena kidogo upande mmoja.

Kulwa aliugua akiwa na miaka mitatu na nusu. Ilianza homa, wakasema malaria, akanywa dawa ya malaria. Homa ikarudi. Fizi zikapauka, madoa ya buluu yakatokea miguuni kama ya mtoto aliyepigwa, naye hakuna aliyempiga. Wakapelekwa Mwanza, kwenye hospitali kubwa, na huko daktari wa watoto, mama mmoja mfupi aitwaye Theodora, akawaambia bila kuzungusha kwamba ni saratani ya damu. Agnetha alikaa na mtoto huko Mwanza miezi minane. Zablon alikuwa akienda na kurudi, Doto mgongoni mwa bibi yake, na usiombe kukutana na mtu aliyechoka kwa namna ile. Nywele za Kulwa zikaisha. Mwili ukaisha. Halafu, polepole, mtoto akaanza kurudi, akaanza kudai wali, akaanza kumpiga mama yake vibao, na Daktari Theodora akasema sasa wanaweza kwenda nyumbani na dawa za kunywa, ambazo angezinywa kwa zaidi ya miaka miwili bila kukosa.

Siku hiyo ya kuruhusiwa Zablon alikuwa na swali lake, na si lake peke yake. Mama yake alikuwa amelitafuna miezi yote minane: damu hii mbovu imetoka ukoo gani? Kwao haijawahi kuonekana. Basi labda kwa kina Agnetha.

"Daktari," akauliza, akiwa amesimama karibu na dirisha, "ugonjwa huu umetoka kwangu au kwa mama yao?"

"Hautoki kwako, baba, wala kwa mama. Kaa nikueleze."

Hakukaa. Daktari akamweleza hivyo hivyo.

"Hawa wametoka kwenye yai moja. Tumboni walikuwa wanatumia kondo moja, damu ya huyu inapita kwa huyu, ya huyu inarudi kwa huyu. Kilichoharibika ni vinasaba vya chembe moja tu ya damu, na inawezekana kabisa kiliharibika huko huko tumboni, kwa mmoja wao, kikavuka kwa mwenzake. Hakikurithiwa. Lakini kwa sababu hiyo, Doto naye yuko hatarini kuliko mtoto mwingine wa umri wake."

Hapo Zablon akatoka. Hakuaga. Alisikia "Doto yuko hatarini" na miguu ikamchukua, akapita kwenye benchi za wagonjwa, akafika kwenye bomba la maji nje, akafungua, akanawa uso, akafunga, akafungua tena. Aliporudi Agnetha alikuwa ameshika mfuko wa dawa na mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Yaliyosemwa nyuma yake ni haya. Kwamba kosa lile la tumboni peke yake halileti ugonjwa, ni lazima litokee la pili baada ya kuzaliwa, na kwa wengi halitokei. Kwamba wakichukuliwa mapacha kumi kama Doto, ambao mwenzao ameugua, tisa hukua salama, na kila mwaka unaopita hatari inapungua. Kwamba hakuna dawa ya kumpa mtoto mzima ili kumkinga, wala asipewe yoyote, atapimwa damu tu kila baada ya miezi mitatu. Agnetha aliyasikia yote akayashika. Alidhani mumewe alikuwa mlangoni anasikiliza, kama kawaida yake ya kusikiliza akiwa mlangoni. Kwenye basi hakumuuliza, na Zablon naye hakuuliza, kwa kuwa alijiona ameshasikia ya kutosha.

Nyumbani walipanga hivi. Asubuhi mama, jioni baba, kwa sababu Agnetha hurudi kutoka mgahawani giza likianza kuingia na kidonge cha jioni hakisubiri. Kilikuwa kidonge kimoja, kidogo, cha manjano iliyopauka, kila siku saa kumi na moja na nusu. Jioni ya kwanza Zablon aliwakalisha watoto mkekani, akamwaga kidonge kiganjani, na Doto akanyoosha mkono.

"Na mimi."

"Hii ni dawa ya Kulwa."

"Na mimi!"

Kulwa, ambaye ndiye mwenye dawa, akamtazama baba yake kwa mshangao. Hajawahi kuona kitu cha Kulwa kisicho cha Doto. Doto akaanza kulia, si kulia kwa kudeka, alilia akijitupa chini hadi akakosa pumzi. Zablon akamsikia kichwani mama yake akisema pacha aliyenyimwa huondoka. Alimsikia daktari akisema Doto yuko hatarini. Sauti mbili ambazo maishani hazijawahi kukubaliana jambo zilikuwa zinamwambia kitu kimoja. Kama ugonjwa ulipita tumboni kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu, dawa nayo si ipite? Akachukua wembe, akakata kidonge katikati, akalinganisha vipande. Nusu akampa Kulwa kwa maji ya ukwaju, nusu akampa Doto. Wakameza wote, wakacheka, wakakimbilia kuku.

Zablon akabaki mkekani. Kwa mara ya kwanza tangu homa ile ya kwanza, kifua chake kilikuwa kimelegea.

Zablon hakumwambia Agnetha. Kila siku alijiambia atamwambia kesho, na sababu ya kutosema aliijua vizuri sana, ingawa hakutaka kuitazama.

Toka siku hiyo kijiji kikaona ajabu. Zablon anakaa! Saa kumi yuko nyumbani, saa kumi na moja yuko mkekani na wanawe, wembe mfukoni. Mizinga yake kule porini nyegere wakaipasua, wakala, wakaondoka, naye hakwenda hata kuwalaani. Mchungaji alimsifu mbele ya watu kwamba ugonjwa wa mtoto umempa baba utulivu. Bibi Apolinaria akamletea kigoda kipya. Hata Agnetha, ambaye si mwepesi wa sifa, alimwambia jioni moja, "Umekuwa mtu mwingine, Baba Kulwa." Alimwambia kwa upendo, na Zablon akajisikia vibaya kidogo, halafu akajisikia vizuri.

Mwezi ulipoisha walikwenda Mwanza na Kulwa. Daktari Theodora akasoma majibu ya damu, akakunja uso.

"Dawa hii inatakiwa ishushe chembe nyeupe kiasi. Zake bado ziko juu. Mnampa kila siku?"

"Kila siku," Agnetha akajibu kwa fahari. "Baba yake ndiye anampa. Hakosi hata mara moja."

Daktari akaongeza dawa, kidonge kimoja na nusu. Zablon, aliyekuwa dirishani akitazama nje, alishika neno moja tu, kwamba chembe za mwanawe ziko juu, na kwake yeye kitu kuwa juu ni habari njema. Walirudi Ntalikwa, akaendelea kugawa. Robo tatu kwa huyu, robo tatu kwa huyu. Kazi ya wembe ikawa ngumu zaidi, lakini mkono wake ulishazoea.

Wiki ya saba Doto aliacha kukimbiza kuku. Alikuwa anakaa kivulini mchana, anataka kubebwa. Vidonda vikamtoka mdomoni, akakataa ugali. Asubuhi moja Agnetha akimwogesha aliona doa la buluu kwenye ugoko, akaliosha, akaliosha tena kwa nguvu kama tope. Kisha akaketi chini kwenye maji.

"Limekuja," akasema.

Safari hii walipanda basi wote wanne. Zablon hakutulia hata dakika. Nzega alishuka, nusura aachwe, kondakta akamfokea. Shinyanga akashuka tena. Mawazo yake yalikuwa yanakwenda upande mmoja tu: alichelewa. Au kipimo kilikuwa kidogo. Labda Doto alihitaji kizima, na yeye kwa ubahili wa kugawa akampa nusu. Kichupa cha vidonge kilikuwa ndani ya mfuko wa Agnetha, miguuni pake, na kila aliporudi kukaa alikitazama kile kichupa akipiga hesabu ya vipande. Walipofika Mwanza alikuwa ameshaamua kwamba jioni hiyo Doto atapata kikubwa zaidi.

Walipimwa wote wawili damu. Majibu yalipotoka Daktari Theodora hakutaka kuwatazama mara moja, na Agnetha, aliyeishi miezi minane katika jengo lile, alijua maana yake. Chembe nyeupe za Doto zimeshuka sana. Chembe za kugandisha damu zimeshuka. Inabidi kuchukua uboho kwenye mfupa wa nyonga, leo leo, ili waone kama ugonjwa umeingia. Muuguzi akaleta gauni la kijani, akaanza kumvua Doto nguo. Agnetha akatia sahihi. Aliandika jina lake lote, herufi kwa herufi, na hilo lilimtisha Zablon kuliko kama angelia.

Daktari alikuwa ameziweka karatasi mbili mezani, moja pembeni ya nyingine.

"Kuna jambo linanisumbua," akasema, na alikuwa kama anasema na karatasi. "Anayekunywa dawa damu yake iko kama ya mtu asiyekunywa vizuri. Na asiyekunywa, damu yake imeshuka vile vile ambavyo dawa ile inashusha."

Zablon alikuwa ameshika kitasa cha mlango.

Ilimchukua muda mfupi sana kuelewa. Dawa ile inashusha damu. Ndiyo kazi yake. Hakuna ugonjwa uliokuja kwa Doto, aliyekuja ni yeye na wembe wake. Na Kulwa, yule mwenye ugonjwa wenyewe, kwa wiki saba amepata nusu ya alichopaswa kupata. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Kitasa kilikuwa mkononi, mlango ulikuwa wazi kidogo, nje kulikuwa na korido, na mbele ya korido kulikuwa na lango na barabara. Hakuna aliyejua. Angenyamaza, wangemchoma Doto sindano, wangekuta uboho mzima, wangesema ni ajabu ya Mungu. Angeacha kugawa kimya kimya, na mambo yangekwisha. Miguu ilimwambia twende, na safari hii aliichukia miguu yake.

Akafunga mlango kwa ndani. Akaenda kwenye kiti kilichokuwa kitupu kando ya Agnetha, akakaa.

"Anakunywa," akasema.

"Nani?" daktari akauliza.

"Doto. Nampa mimi. Nagawa katikati, nusu kwa Kulwa, nusu kwa Doto. Tangu siku ya kwanza."

Muuguzi akaacha kufunga kamba za gauni. Agnetha akageuza kichwa, akamtazama mumewe taratibu, kama mtu aliyeitwa kwa mbali na hajui ameitwa na nani.

"Nilimweleza mama hapa hapa," Daktari Theodora akasema. Alikuwa amekasirika na alikuwa anajizuia, ilionekana kwa jinsi alivyoibana kalamu. "Nilisema hakuna dawa ya kumkinga, asipewe kitu. Wewe hukuwepo?"

"Nilikuwa bombani."

"Bombani."

"Niliposikia Doto yuko hatarini nilitoka. Kwetu mapacha hawagawiwi, daktari, yaani, hapewi mmoja akanyimwa mwingine. Nikaona namkinga."

Daktari akauliza kiasi gani, siku ngapi, vipande vilikuwa sawasawa au la, akaandika yote. Kisha akatoa amri. Doto asipewe tena hata chembe. Asichomwe sindano leo. Kama ni dawa tu, damu yake itapanda yenyewe ndani ya wiki mbili tatu, na kama haikupanda, hapo watamchukua uboho. Kulwa ndiye wa kuchomwa leo, kwa sababu hakuna anayejua ugonjwa wake umefanya nini katika wiki hizo za nusu.

Lile gauni la kijani akavuliwa Doto, akavishwa Kulwa. Kulwa alilijua. Alianza kupiga kelele kabla hata ya kufungwa kamba, akimwita baba yake kwa jina, "Baba Kulwa! Baba Kulwa!" kama anavyosikia mama yake akimwita, na Zablon alikaa kwenye kiti akasikia kelele zikienda na korido mpaka mlango wa mbali ukafungwa. Agnetha alikwenda na mtoto. Doto akampandia baba yake mapajani, akalala.

Jibu la uboho wa Kulwa lilikuja siku ya tatu. Safi.

"Kwa leo," daktari akaongeza.

"Zile nusu zitamdhuru?" Zablon akauliza. Alikuwa amekaa.

"Sijui, baba. Huenda hazitamdhuru kabisa. Huenda ugonjwa ulikuwa umelala na hukuuamsha. Lakini siwezi kukuahidi, na hatutajua kwa wiki, tutajua kwa miaka."

Walipanga chumba Mwanza kungoja damu ya Doto. Wiki tatu. Agnetha alipika, alifua, aliwaogesha watoto, lakini na mumewe alizungumza habari za chumvi na maji tu. Dawa alizifunga kwenye kitenge, akalala nazo chini ya mto. Zablon alikuwa akiamka alfajiri anazunguka mtaa hadi jua linachomoza, anarudi, anatoka tena, wenye nyumba wakaanza kumwogopa. Mama yake akapiga simu kutoka Ntalikwa kuuliza wote wawili wanapewa sawa, naye akamwambia, "Mama, hapana, hawapewi sawa," akakata simu.

Doto alipona mdomo kwanza. Halafu akataka ugali. Siku ya ishirini na moja damu ilipanda, chembe nyeupe, za kugandisha, zote, na Daktari Theodora akaisoma ile karatasi kwa sauti, mstari kwa mstari, akampa Zablon aishike. Zablon alilia mbele ya watu, kwa kelele, bila kujificha. Agnetha hakulia.

Jioni hiyo, kabla ya safari ya kurudi, saa kumi na moja na nusu ilipokaribia, Agnetha alifungua kitenge, akatoa kichupa, akakiweka kwenye kiganja cha mumewe. Zablon akakirudisha.

"Siwezi tena, Mama Kulwa. Mpe wewe."

"Ungeniambia ningekukataza," Agnetha akasema. "Ndiyo maana hukuniambia. Nimekaa wiki tatu nalifikiri hilo tu."

"Ni kweli."

"Basi utampa wewe. Kizima. Jioni zote, mpaka miaka yake ya dawa iishe. Na Doto akilia, hutoki nje. Utakaa hapo umsikilize anavyolia."